Mamba Muntu wa Atlabara

Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011, maduka mapya yalifunguliwa Juba kila uchao, na kila mwenye duka alitaka kibao. Mimi nilitoka Busia kufuata riziki, nikaangukia mtaa wa Atlabara kwenye kibanda cha fundi mmoja wa vibao, mtu wa Bunia, Kongo. Kazi yangu ilikuwa kupiga mabati msasa na kuosha brashi kwa petroli. Herufi nilizimudu upesi. Sura ya mtu ndiyo iliyonipiga chenga. Fundi hakunieleza lolote. Alinipa picha ninakili.

Alikuwa Mamba Muntu, yule mwanamke wa majini ambaye wachoraji wa Kongo hawachoki naye: nywele tele, macho makavu, nyoka mabegani. Ila kwenye karatasi ile alionekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu.

"Mkia uko wapi, fundi?"

"Mkia ni wetu," alijibu, akaendelea na bati lake.

Baadaye nikasoma asili yake. Picha ilichapwa Hamburg miaka ya 1880, kwenye kiwanda cha Adolph Friedländer, kumtangaza mwanamke aliyecheza na nyoka kwenye maonyesho. Ikavuka bahari hadi Afrika Magharibi, na mwaka 1955 wafanyabiashara wa Kumasi wakaagiza nakala 12,000 kutoka Bombay. Mjerumani alimkatia kiunoni, Waafrika wakammalizia. Kwa hiyo wanaobeza kunakili sijui wanamwonaje huyu bibi, maana asingefika Kongo bila wanakili.

Nilipiga miraba ya mkaa juu ya bati, nikahamisha picha mraba kwa mraba. Fundi alinikataza rangi nyeusi. Kivuli cha chini ya taya nikipate kwa kahawia na buluu kidogo, maana nyeusi humtoboa mtu shimo shingoni. Kisha akanionyesha bega la kushoto: limeshuka, kwa sababu nyoka ana uzito. Pale ndipo nilipoacha kufuata mistari nikaanza kuutazama mwili.

Bibi naye akaanza kubadilika mkononi mwangu. Ngozi ikawa nyeusi kama ya watu wa Juba, nywele zikasukwa. Mama mmoja mwenye saluni alimpenda kwa sharti moja.

"Nyoka mtoe. Nani ataingia kusuka huku nyoka yuko mlangoni?"

Nyoka akatoka, mkia ukatoka, akabaki mwanamke anayekutazama. Bega sikulinyanyua. Wateja wakaanza kuniulizia picha za watu.

Vita vya Desemba 2013 vilikausha kazi, na fundi akarudi kwao. Mwaka 2016 vijana wa kundi la wasanii la Ana Taban walipoanza kuchora kuta za mji wakidai amani, niliwaonea wivu: wao walianza na la kwao. Mimi nisingeweza. Bila yule bibi nisingejua hata taya linaanzia wapi.

Leo vibao vinapigwa chapa kwenye plastiki na vinakuwa tayari siku hiyo hiyo, na sioni sababu ya kushindana navyo. Kilichobaki ni sura. Watu huniletea picha ndogo ya kitambulisho cha marehemu wao, imechakaa, wakitaka kubwa ya kutundika sebuleni. Bado naanza na miraba ya mkaa, na kazi hiyo hulipa kuliko kibao chochote nilichowahi kuchora.