Waya Nyekundu

Laptopu ilizima bila moshi wala harufu. Mezani, taa 60 za mkanda zikaendelea kuwaka kana kwamba hazihusiki.

Nilikuwa likizo nyumbani Bariadi, natengeneza bango la taa la duka la mama mdogo. Laptopu ile baba aliinunua kwa hela ya pamba. Aliyekulia Simiyu hahitaji maelezo: kupalilia, kupuliza dawa, kuchuma kwa mkono, kisha kusubiri mizani.

Taa moja ya mkanda ule, ikiwaka nyeupe kabisa, hula hadi miliampia 60. Zote 60 ni ampia 3.6, na tundu la kawaida la USB 2 hutoa nusu ampia tu. Hilo nililijua. Ndiyo maana nilinunua pawa saplai ya volti 5, nikaiunganisha na mkanda, halafu nikavuta waya nyingine hadi pini ya 5V ya Arduino. Nikajiona fundi. Kebo ya USB niliiacha imechomekwa kwa kuwa bado nilikuwa narekebisha programu.

Taa za mwishoni zikaanza kuwa nyekundunyekundu badala ya nyeupe, dalili kwamba volti zinapungua njiani. Nilitakiwa kupeleka waya za umeme hadi ncha ile ya mkanda. Nikashika bisibisi, nikazungusha kiskrubu cha pawa saplai. Kidogo. Kidogo tena. Nilipopima baadaye, mita ilisoma 5.8.

Kwenye ubao ule, pini ya 5V na tundu la USB hukutana. Umeme ukarudi kinyumenyume hadi ndani ya laptopu. Fyuzi ya ubao hukata mkondo ukizidi. Haijali unaelekea wapi.

Siku mbili nilimkwepa baba. Ya tatu nikamfuata zizini, nikamweleza yote, volti na pini, kama mtu anayejitetea barazani.

"Kwa hiyo ulifunga ng'ombe wawili nira moja," akasema, "mmoja anatazama huku, mwingine kule?"

"Ndiyo, baba."

"Na yule mwenye nguvu akamburuta mwenzake."

"Ndiyo."

Alinyamaza kitambo, anamkuna ndama shingoni. "Pamba nyingine ni mwakani."

Ningependa angenifokea.

Fundi wa mjini aliifufua, ila matundu mawili ya USB hayakupona. Siku hizi nina kebo moja niliyoipasua katikati nikakata waya nyekundu, ile ya umeme. Nyeusi nimeiacha, na zile mbili za data. Arduino na mkanda vinakula kwenye pawa saplai peke yake, waya hasi zote zimekutana, na laptopu inabaki na kazi ya kutuma programu.

Bango linawaka dukani tangu Desemba. Baba hajui Arduino ni nini, lakini kila akinikuta mezani na waya husimama mlangoni.

"Ile nyekundu umekata?"

Nainua kebo, naye anasogea karibu kuikagua.