Bei ya Mkato Mmoja

Andika 1,500 mjini Mexico, na msomaji ataona elfu moja na mia tano. Andika hivyo hivyo Madrid, ataona moja na nusu. Ndiyo maana mwandishi wa kumbukumbu hizi, mfasiri wa Kiingereza na Kihispania aliyejiajiri mwenyewe mjini Madrid, hagusi waraka kabla ya kuuliza: utasomwa wapi? Wateja wengi hushangaa. Kwao Kihispania ni kimoja, kumbe ni lugha ya nchi 20 hivi, kuanzia Chile hadi Guinea ya Ikweta.

Kiwanda kimoja cha Marekani kiliwahi kumletea, kupitia kwa wakala, mwongozo wa mtambo wa kujaza juisi kwenye chupa. Kwenye jedwali la usafi palikuwa na kipimo cha dawa ya kuoshea mabomba: mililita 1,500. Programu ya tafsiri, inayohifadhi kazi za zamani, ilileta tarakimu hizo na mkato wake vilevile, nao mwongozo ulikuwa unakwenda Zaragoza. Fundi wa huko angemimina matone tu, mabomba yabaki machafu, na juisi iendelee kupita. Mfasiri akaufuta mkato, akalipitia jedwali zima mstari kwa mstari, kisha akamwandikia msimamizi wa mradi ili kumbukumbu ya programu nayo isahihishwe.

Kazi hiyo haikumlipa karibu chochote. Mfasiri hulipwa kwa neno, na mstari unaofanana na uliowahi kufasiriwa hukatwa bei, wakati mwingine hadi sifuri. Jedwali lenye hatari kuliko kurasa zote ndilo lililokuwa rahisi kuliko zote.

Mwaka 2016 Google ilihamishia Kihispania kwenye mfumo mpya wa tafsiri unaotumia mitandao ya neva. Mwaka uliofuata kikaja kiwango cha kimataifa cha uhariri wa tafsiri za mashine, ISO 18587. Kazi zikaanza kuja zikiwa zimekwisha kufasiriwa nusunusu, kwa bei ya chini. Yeye anashikilia kuwa uhariri huo ni mgumu zaidi: sentensi ya mashine hutiririka vizuri, na kosa hujificha ndani ya sarufi safi.

Halafu kuna ankara. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2011 iliweka siku 60 kuwa ukomo wa kawaida wa malipo kati ya kampuni na kampuni. Wakala mmoja alipitiliza ukomo huo bila maelezo, huku mchango wa hifadhi ya jamii ukikatwa kila mwisho wa mwezi, kazi iwe imelipwa au la.

Kwa hiyo enyi mnaouza bidhaa nje: mwambieni mfasiri mzigo unakwenda nchi gani, mpeni michoro ya mtambo, mlipeni saa za kukagua tarakimu, na ankara yake msiipitishe siku 30.