Lubumbashi: Vijana na Kanisa

Mgeni afikaye Lubumbashi huonyeshwa Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lenye matofali mekundu, kisha mitaa ya Kenya na Katuba, iliyojaa vijana. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba; mwaka 1911 Wasalesiani wakaja kuwafundisha vijana.

Migodi na reli viliwaleta pia watu wa Kasai. Wakapiga magoti pamoja na wenyeji, wakasimamiana ubatizo wa watoto. Lakini mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mishahara ikakatika, na kijana asiye na kazi akawa tayari kumsikiliza yeyote. Mwaka 1992 wanasiasa waliwachochea vijana wa chama cha UFERI wawafukuze Wakasai katika Katanga. Mjini Likasi maelfu walilala stesheni wakingojea treni; mwaka 1993 ikawa vivyo hivyo Kolwezi. Wengi walikufa, hasa watoto wadogo.

Tuulize basi: vijana wale walitoka wapi? Hawakutoka nchi ya mbali. Walitoka katika nyumba zetu na madarasa yetu ya katekisimu. Na kila aliyefukuzwa, parokia ilimpoteza mwimbaji, mwalimu au msimamizi wa ubatizo.

Enyi wazazi, samaki mkunje angali mbichi. Tumfundishe mtoto kazi ya mikono, tena tusimtukane jirani wa kabila jingine mbele yake. Neno la mezani leo huwa jiwe mkononi kesho.