Zimwi Likujualo: Ujirani wa Samaki wa Ziwa Tanganyika

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Aghalabu watu huikumbuka methali hii kwa faraja iliyomo, wakalisahau onyo lake. Methali haisemi kuwa zimwi halili, wala kuwa limegeuka rafiki. Inasema tu kuwa ulaji wake una kipimo. Ukweli huu unadhihirika katika miamba ya Ziwa Tanganyika, anakoishi samaki mdogo wa ukoo wa perege ambaye wanasayansi humwita Neolamprologus pulcher.

Dume na jike wanaozaana hukaa na wasaidizi kadhaa katika himaya yao. Mayai hubandikwa kwenye jiwe, ndani ya mwanya. Wasaidizi huyasafisha, huyapepea kwa mapezi na kuuondoa mchanga unaoziba maficho. Msaidizi mtegeaji huadhibiwa na wenye makao. Mita chache kutoka hapo pana himaya nyingine, na baada yake nyingine tena.

Hapo ndipo penye utata. Kila aliye nje ya mpaka huenda akawa mnyang'anyi wa makao au mla mayai. Hata hivyo, mzazi akipigana na kila apitaye atachoka, na mayai yatabaki bila mlinzi. Budi basi achague wa kupigana naye.

Uchaguzi huo huanzia usoni. Mnamo mwaka wa 2015, watafiti wa Japani waliwaonyesha samaki hawa picha zilizochanganya nyuso na miili ya jirani na ya mgeni. Uso ulipokuwa mgeni, samaki walikaa mbali zaidi na kuukazia macho kwa muda mrefu zaidi, hata kama mwili ulikuwa wa jirani. Michoro ya rangi iliyo usoni ndiyo kitambulisho chao.

Jirani anayejulikana hushambuliwa kidogo kuliko mgeni, na sababu yake si huruma. Jirani ana kwake, na mpaka kati yao ulikwisha kuamuliwa kwa ugomvi wa awali. Mgeni hana makao. Akitakacho huenda kikawa himaya nzima. James Fisher, mtaalamu wa ndege wa Uingereza, aliuita uhusiano wa namna hii uadui wa wapendanao mwaka wa 1954, alipoandika kuhusu ndege.

Hata hivyo, amani hiyo ina masharti. Wapo wanyama wengine ambao humshambulia jirani kuliko mgeni, pale ambapo jirani ndiye mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kuwapokonya. Mpaka ukikiukwa, kujuana hakumwokoi mtu.

Ama kwa hakika, uzito wa methali umo katika kitenzi "kujua". Samaki hawa hawapendani; wanajuana tu. Lakini kujuana huko kunamwachia mzazi nguvu za kurudi mwanyani, akayalinde mayai mpaka yaanguliwe.