Jicho Lisilojitambulisha

Kutazamwa ni jambo moja. Kujua kwamba unatazamwa, na nani, ni jambo jingine kabisa. Kazi moja ya sanaa ya mwanga ilinifafanulia tofauti hiyo vizuri kuliko vitabu vingi vya nadharia ya siasa.

Novemba 2008 nilikuwa mwanafunzi jijini London. Katika uwanja wa Trafalgar, msanii Rafael Lozano-Hemmer, mzaliwa wa Mexico afanyaye kazi zake Kanada, alikuwa akionyesha kazi iitwayo Under Scan. Taa kali zilimulika uwanja, na kila mpita njia akatupa kivuli kirefu. Kompyuta iliyounganishwa na kamera ilikisia mwelekeo wa kila mtu, kisha ndani ya kivuli chake ikaibuka video ya mtu asiyemfahamu, akageuka na kumtazama. Ukiondoka, naye hugeuza uso na kutoweka. Zaidi ya watu elfu moja wa Derby, Leicester, Lincoln, Northampton na Nottingham walikuwa wamejitolea kurekodiwa.

Kilichonigusa zaidi kilikuja kila baada ya dakika 7. Picha zilikoma, na sakafuni ikamulikwa ile mistari ya miraba ambayo kompyuta iliitumia kutupima na kutufuata. Mtambo ulijifichua. Mchezo uliotuchekesha ulikuwa pia upelelezi, na msanii hakutuficha.

Mwishoni mwa karne ya 18, Mwingereza Jeremy Bentham alibuni gereza ambalo mfungwa hajui ni lini mlinzi anamtazama. Kwa hiyo hujichunga mwenyewe saa zote. Nguvu ya jicho hilo imo katika kutoonekana kwake.

Nimeiona nguvu hiyo kazini. Katika taasisi moja niliyofundisha, kamera zilifungwa katika kumbi za mihadhara. Niliuliza nani anatazama na picha zinahifadhiwa kwa muda gani, sikupata jibu. Katika majuma yaliyofuata, wanafunzi waliozoea kunibishia kuhusu utawala na uchaguzi walinyamaza darasani, wakawa wananifuata nje kuuliza kwa sauti ya chini. Hakuna aliyewakataza. Kamera haikuhitaji hata kuwashwa.

Sipingi ulinzi, wezi wapo. Lakini Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako akujulishe lengo lake. Msanii alitimiza wajibu wa namna hiyo kwa hiari, tena kila baada ya dakika 7. Taasisi inayolipwa kwa kodi zetu haiwezi kushindwa kubandika karatasi moja ukutani: nani anatazama, kwa nini, na hadi lini. Basi tuwaulize, kwa adabu na kwa maandishi, maana chuo ambacho maswali yake huulizwa nje kwa kunong'ona kimekwisha kuacha kufundisha.