Taa ya Miguuni

Sanamu ile niliinunua Tabaka, nikampelekea shangazi Itumbe: mama kambeba mtoto mgongoni, jiwe la sabuni lenye rangi ya maziwa yaliyodondokewa chai. Usiku ule stima zilikuwa zimepotea. Nikaiweka taa ya sola sakafuni, mbele ya sanamu, ili shangazi aione vizuri. Uso wa yule mama ulinishtua. Mashavu yamebonyea, macho yamezama, mdomo umenuna. Nikasema kwa sauti kwamba mchongaji alichoka njiani, akasugua msasa juujuu na kunipunja. Nilisema mengi, na leo nayaonea haya, maana sikumjua mtu huyo wala siku alizokaa na jiwe lile.

Shangazi hakujibu. Asubuhi niliikuta sanamu dirishani, mwanga ukiishukia kutoka juu. Mashavu yaleyale yalikuwa yamejaa, na mdomo kama unaotaka kumwimbia mtoto. "Jana ulimwekea taa miguuni," shangazi akasema, akachukua kikapu chake cha chai akatoka.

Baadaye nilisoma kwamba ubongo wetu huchukulia mwanga unatoka juu, kama jua. Kivuli kikikaa pasipo pake, kilichovimba huweza kuonekana kimebonyea. Nilifarijika, pengine upesi mno. Taa ilibadilisha uso, lakini uvivu wa mchongaji niliubandika mimi. Nilikuwa nimebishana bei hadi muuzaji akachoka, na tangu hapo moyo wangu ukawa unangojea kasoro. Mrusi Alfred Yarbus, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967, alifuatilia macho ya watu wakitazama mchoro wa Repin. Wakiulizwa umri wa waliochorwa, macho yalikimbilia nyuso. Wakiulizwa hali yao ya mali, yalizunguka kwenye nguo na samani. Mchoro ni uleule. Na mimi, bila kuulizwa na mtu, nilikuwa nimejiuliza: nimepunjwa wapi?

Nilimfuata shangazi shambani. Mimi niliona kijani kitupu, yeye vidole vyake vilikwenda moja kwa moja kwenye majani mawili na chipukizi. Nilijaribu kumsaidia, akawa anayatoa majani yangu magumu kikapuni, kimyakimya, kama mtu anayechambua mchele. Sijui kama yeye huona zaidi yangu au amejifunza tu kipi asikitazame. Nikamfikiria mchongaji Elkana Ong'esa wa Tabaka, ambaye ndege wake wa amani yuko makao ya UNESCO, Paris. Nani humtazama ndege huyo pale, saa ngapi za jua, akiwa na swali gani kichwani?

Jioni niliirudisha taa sakafuni kwa makusudi, nikijua sasa ninachokijua. Nikasubiri. Mashavu yakabonyea tena, mdomo ukanuna vilevile. Nikainama, nikasogea, nikafumba jicho moja.

"Bado anakununia?" shangazi akauliza kutoka jikoni.

"Bado, shangazi."