Msalaba Unaokua na Msalaba Usiokua

Kila ninapowaambia watu kwamba Jumapili asubuhi huwa niko klabuni nalenga shabaha kwa bunduki ya upepo, swali la kwanza ni lile lile: mwandishi wa habari na bunduki wapi na wapi? Wengine hucheka. Mama yangu aliponiuliza kwa simu kama nimejiunga na jeshi la watu, ilibidi nimwelezee taratibu.

Basi nieleze na hapa, halafu tuingie kwenye mada. Ninaishi England. Sheria ya hapa inamruhusu mtu mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea kununua bunduki ya upepo bila cheti, mradi nguvu yake isizidi futi-pauni 12, yaani kama jouli 16. Ukivuka mpaka kuingia Uskoti mambo yanabadilika: huko tangu tarehe 31 Desemba 2016 lazima uwe na cheti. Kwa hiyo msomaji wa Dar, Nairobi au kwingineko asije akachukua maneno yangu akayafanya sheria ya kwao. Uliza polisi wa kwenu kwanza. Wengi wetu tulikua na manati tukiwinda ndege kwenye miembe. Hii ni manati ya watu wazima, ila imekuja na hesabu.

Na hesabu ndiyo imenifanya niandike leo. Kwa miezi kadhaa nilikuwa natafuta darubini mpya ya bunduki. Kila duka ninaloingia, muuzaji ananiambia kwamba siku hizi mtu mwenye akili hununua FFP, na kwamba SFP ni ya zamani. Bei nayo inakwenda na maneno hayo: kwa vioo vya ubora ule ule, ya kwanza kwa kawaida ni ghali zaidi. Tofauti niliyotajiwa mimi ilikuwa pauni zaidi ya mia moja, na kwa mshahara wa mwandishi kijana pauni mia ni chakula cha wiki mbili. Sikutaka kuzitoa kwa sababu ya herufi tatu. Nikafanya kile nilichofundishwa chuoni: usiandike neno usilolielewa, na usinunue vilevile.

Hebu tuifungue darubini tuone tumboni mwake. Mwanga unaingia kupitia lenzi kubwa ya mbele na kutengeneza taswira ya kitu unachokitazama. Taswira hiyo imepinduka, miguu juu kichwa chini. Hapo inapojikusanya ndipo panapoitwa bapa la kwanza la fokasi. Kisha taswira inapita kwenye lenzi nyingine za katikati ambazo zina kazi mbili: kuigeuza isimame wima, na kuikuza au kuipunguza unapozungusha ile pete ya kukuzia. Ikishatoka hapo inajikusanya tena karibu na jicho lako. Hilo ni bapa la pili.

Ule msalaba wa kulengea, pamoja na vialama vyake vidogo, lazima uwekwe kwenye moja ya mabapa hayo mawili. Ukiwekwa kwenye bapa la kwanza, uko mbele ya lenzi za kukuza. Kwa hiyo ukimkuza sungura mara mbili, msalaba nao unakua mara mbili. Ukiwekwa kwenye bapa la pili, uko nyuma ya lenzi hizo. Sungura anakua, msalaba unabaki vilevile. FFP na SFP ni hayo tu. Zamani wawindaji wa Ulaya, hasa Wajerumani, walizoea aina ya kwanza na Wamarekani wakazoea ya pili. Kwa hiyo anayekuambia kwamba bapa la kwanza ni uvumbuzi wa juzi anakuuzia kanzu ya babu kwa jina jipya.

Sasa, kwa nini mtu wa bunduki ya upepo akose usingizi kwa jambo hili? Kwa sababu peleti ni mvivu. Risasi ya AK-47 inatoka mdomoni kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Peleti yangu, yenye kipenyo cha milimita 4.5 na uzito wa kama nusu gramu, inatoka kwa mita 235 hivi. Ikifika yadi 40 imeshaanza kuinamia ardhi kama mtu aliyechoka na safari. Bunduki yangu nimeisawazisha ipige katikati ya msalaba kwenye yadi 30. Kwenye yadi 45 inapiga chini kwa kama sentimita 4. Na la kushangaza wageni wengi ni kwamba karibu nako inapiga chini: kwenye yadi 8 inashuka kama sentimita 2. Siyo kwamba peleti imeanguka. Darubini imekaa juu ya mtutu, na kwa umbali huo mfupi peleti bado haijapanda kufikia mstari wa jicho.

Ili kufidia hayo, unalenga kwa vialama vilivyo chini ya katikati ya msalaba. Vingi vimepimwa kwa miliradiani, ambayo wenyewe tunaiita mili. Mili moja ni sehemu moja ya elfu ya umbali: kwenye mita 100 ni sentimita 10, kwenye yadi 45, ambazo ni mita 41, ni sentimita 4 na kidogo. Kwa hiyo kwenye yadi 45 mimi natumia alama ya mili moja, navuta pumzi, natoa nusu, nabonyeza.

Hapa ndipo penye siri. Kwenye darubini ya bapa la kwanza, mili moja ni mili moja daima, uwe umekuza mara 4 au mara 16. Msalaba unakua pamoja na dunia, kwa hiyo kipimo hakidanganyi. Kwenye darubini ya bapa la pili, mili moja ni mili moja kwenye ukuzaji mmoja tu, ule aliouchagua mtengenezaji. Tuseme ni mara 10. Ukirudisha pete hadi mara 5, dunia imepungua nusu lakini alama haikupungua. Sasa inafunika mili mbili. Ukiitumia kwenye yadi 45 ukidhani ni ile ile, peleti itakwenda sentimita 4 juu ya pale ulipotaka. Shabaha nyingi za umbali huo zina tundu la kipenyo cha sentimita 4, yaani kutoka katikati hadi ukingo ni sentimita 2. Hesabu mwenyewe.

Nimeiona ikimtokea kijana mmoja klabuni. Mashindano yetu yana shabaha 30: ukiiangusha pointi 2, ukigonga bati pembeni ya tundu pointi 1, ukikosa kabisa sifuri. Kijana aligonga bati juu ya tundu shabaha baada ya shabaha, za mbali zote. Bunduki nzima, peleti nzuri, mikono imetulia. Pete yake tu ilikuwa imesimama mahali ambapo vipimo vyake havikuwa vya kweli, na kwa kanuni za mchezo ule huruhusiwi kuigusa mpaka umalize.

Mpaka hapa utasema wauzaji wana haki: kwa nini ununue kipimo kinachosema kweli mahali pamoja wakati kipo kinachosema kweli popote? Nami nilikaribia kusema hivyo. Lakini kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoligeuza swali. Kama huruhusiwi kugusa pete, basi kinachosema kweli mahali pamoja kinatosha kabisa. Unaiweka pale kabla ya kuanza, unaifunga kwa utepe ukitaka, na habari imekwisha. Hata wale wa mchezo mwingine wa shabaha hadi yadi 55, wanaokuza mara 40 au 50 ili kupima umbali kwa ukali wa taswira kisha wanazungusha kirungu cha juu, hawana haja kubwa ya msalaba unaokua. Wao vialama vya chini hawavitumii sana.

Kuna mahali pengine ambapo mimi hutumia bunduki, na hapo si mchezo. Mkulima mmoja nje ya mji ameniruhusu kupunguza sungura wanaomaliza miche yake. Ruhusa hii haipatikani kirahisi, na kwa mgeni mwenye rangi yangu na lafudhi yangu nitaacha msomaji afikirie mwenyewe ilichukua muda gani. Mzee huyu alinipa sharti moja: nisije nikamwacha mnyama akiwa amejeruhiwa. "Ukikosa, kosa kabisa," aliniambia. Kwa nguvu ya bunduki hizi, kumwangusha sungura papo hapo kunataka umpige kichwani, kwenye eneo lisilozidi upana wa sarafu. Ukipiga tumbo, anakimbilia shimoni akafie huko taratibu. Hilo sitaki kulibeba, wala sitaki kulieleza mlangoni kwa mzee.

Mwanzoni nilidhani shambani ndiko FFP inakolipa gharama yake. Umbali unabadilika, mnyama haongei, huna muda wa kukumbuka pete iko wapi. Lakini nilipokaa na daftari langu la vipimo nikaona kitu kingine. Kati ya yadi 13 na 33 peleti yangu haipotei mstari wa msalaba kwa zaidi ya sentimita moja. Shambani sipigi zaidi ya yadi 30, kwa uamuzi wangu. Maana yake ni kwamba shambani situmii vialama hata kidogo. Nalenga katikati, basi.

Halafu kuna suala la saa. Sungura hutoka jua likizama. Gizagiza likianza, unataka ukuzaji mdogo ili uone eneo kubwa na upate mwanga wa kutosha. Na ni pale hasa ambapo msalaba wa bapa la kwanza unakuwa umejikunja mwembamba kama uzi wa buibui, unapotelea kwenye majani meusi. Ukiuongeza ukuzaji, unanenepa. Katika darubini ya mara 4 hadi 16, mistari ya mwisho inaonekana minene mara nne kuliko ya mwanzo. Watengenezaji wanajitahidi: wanaweka taa ndogo ya kuangaza katikati, wanachora mihimili minene pembeni ili jicho lielekezwe. Inasaidia. Lakini msalaba wa bapa la pili unabaki na unene ule ule, mweusi na wazi, na kwa jioni ya shambani mimi nauhitaji huo kuliko kipimo nisichokitumia.

Nisiionee FFP. Mwenzangu mmoja Mkenya, ambaye kazi yake ni kuondoa panya na njiwa kwenye maghala ya wakulima, anayo na hataki kusikia nyingine. Mchana mmoja anapiga panya kwenye yadi 10 akiwa amekuza kidogo, kisha njiwa kwenye boriti yadi 40 akiwa amekuza sana, na hana nafasi ya kufanya hesabu katikati. Kwake yeye ule ukweli wa popote ni mkate wake. Pia anaupimia umbali: akijua bati fulani lina urefu wa sentimita 10 na linajaza mili mbili na nusu, anajua liko mita 40, na hilo analifanya kwa ukuzaji wowote. Ningekuwa na kazi yake ningekuwa na darubini yake. Ninayo faida moja zaidi ya kuitaja: msalaba wake ukiwa mbele ya lenzi za kukuza, hata lenzi hizo zikiyumba kidogo unapozungusha pete, shabaha na msalaba huyumba pamoja. Kwenye SFP ya bei poa, mahali pa kupigia panaweza kuhama kidogo unapobadili ukuzaji.

Kwa hiyo ndugu zangu, ukisimama mbele ya kabati la kioo na muuzaji ameshaanza hotuba, usimuulize ipi bora. Jiulize mkono wako unafanya nini sekunde tano kabla ya kubonyeza. Kama unazungusha pete na kutumia vialama, lipa hizo pauni za ziada bila kinyongo. Kama pete yako haiondoki mahali, au kama unalenga katikati tu, fedha hizo ziweke kwenye vioo safi. Na kabla ya yote hayo angalia jambo ambalo halitajwi sana kwenye matangazo: je, darubini inaweza kuona wazi hadi yadi 10? Nyingi zilizotengenezwa kwa bunduki kubwa zimewekwa kwa yadi 100, na shabaha yako ya karibu itaonekana kama iko ndani ya ukungu. Kama bunduki yako ni ya springi, hakikisha pia imeandikwa kwamba inahimili bunduki ya springi, maana mrusho wake unakwenda nyuma na mbele na umeshavunja darubini nyingi za heshima.

Mimi nimenunua SFP. Pete nimeiweka mara 10 klabuni na mara 6 shambani, na kwenye mara 6 nimejiwekea amri moja: vialama vya chini ni marufuku, ni katikati au hakuna. Muuzaji alinitazama kama mtu aliyenunua simu ya vitufe. Zile pauni zilizobaki nimenunulia peleti za kutosha miezi mitatu, kwa sababu hakuna msalaba, uwe unakua au haukui, unaomfundisha mtu kutulia.